Shimo la Mtu Mmoja

Mimi ni mnyonyaji wa mashimo ya vyoo. Nakwambia mapema ili kama unakula, usogeze sahani. Nina gari lenye tangi mgongoni, mpira wa mita thelathini, pampu, na jina nililopewa na watu ambao hawajawahi kunikaribisha sebuleni: Mama Bomba. Naingilia uani, naondokea uani. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata, na katika mtaa ninaotaka kukusimulia kata ni mimi. Najua nani anajisifu kwamba kwake hawali mafuta, na utando wa mafuta juu ya shimo lake unaweza kubeba kuku. Najua nani anatupa chooni vitu ambavyo havikupitia tumboni mwa mtu. Najua na nimenyamaza, kwa sababu mnyonyaji mwenye mdomo haitwi mara ya pili.

Gari niliachiwa na mume wangu alipohamia kwa mwanamke mwingine. Yule mwenzake hakupenda harufu, akamwambia achague. Akachagua, nami nikabaki na gari pamoja na mdogo wake aliyekuwa akiliendesha, ambaye mpaka leo ni shemeji yangu na ndiye mwanamume pekee wa ukoo ule aliyeniletea faida. Hasemi sana. Anaendesha polepole hadi baiskeli zinatupita, na kwa mzigo tunaobeba hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Watu wengi hunikumbuka maji yakishafika mlangoni. Wanakaa miaka kumi wakiamini kwamba kinachoingia shimoni kinakwenda mbinguni, halafu siku moja ya wageni choo kinarudisha salamu. Hapo ndipo napigiwa simu kama zimamoto. Wahenga walisema ukilikoroga utalinywa, ila katika kazi yetu msemo huo hatuutumii.

Mtaa ule wenye nyumba arobaini na mbili ulikuwa tofauti, na sababu ni Mwenyekiti. Ndiye aliyechaguliwa na wenye nyumba kuwasimamia, mwanamke wa miaka arobaini hivi, anayefanya kazi kwenye ofisi ambayo watu huning'iniza kadi shingoni, na ana faili la kila kitu. Ndiye aliyewashawishi kwamba kila shimo lipimwe kila baada ya miaka miwili, na likifika kiwango livutwe, si kusubiri lifurike. Mkataba akanipa mimi, wa miaka mitatu. Mtaa ule mmoja ndio uliokuwa ukiliweka gari langu barabarani, maana kwingine kote nilikuwa naitwa kwa bahati. Sasa miaka mitatu ilikuwa imekwisha, na wiki ile ndiyo angeamua kama anasaini tena.

Ikatokea kwamba mtaa wa jirani wamemkamata mnyonyaji mmoja akivuta maji ya juu tu na kuacha tope chini. Ni wizi rahisi kuliko wote. Robo saa umemaliza, mwenye nyumba anachungulia anaona pako chini, anafurahi, na baada ya miezi michache shimo limejaa tena na wewe umebadilisha namba ya simu. Mwenyekiti alipolisikia hilo akatangaza kwamba safari hii atasimama kwenye kila shimo kwa macho yake. Nilimwambia asimame hata akitaka kushika mpira. Mimi tope siachi. Nina mabaya yangu, lakini hilo halimo.

Tulipaswa kuanza na nyumba ya kwanza juu ya barabara. Mwenyewe alikuwa ametoka na funguo, amemwacha mbwa nje, na mbwa hakuwa na habari ya mkataba. Mwenyekiti akatazama saa, akasema tusipoteze muda, tuanze na kwa baba yake. Ilikuwa Alhamisi asubuhi.

Baba yake ni Mwalimu. Alifundisha hesabu nusu ya mtaa, na mimi nimo. Kugawanya ninakokujua nilikujulia matakoni, kwa fimbo yake. Siku hizi amestaafu, ana upara unaong'aa kama kioo hadi unaweza kujitengenezea nyusi, na kwa miaka mitano alikuwa anaishi peke yake. Mkewe aliondoka, na aliyemwondoa si Mwalimu, ni Mwenyekiti.

Wazee wale waligombana miaka thelathini kama watu wanaolipwa. Waligombania redio, dirisha, chumvi, jina la mtu waliyemwona zamani kwenye msiba. Mwalimu alikuwa akimsahihisha mkewe katikati ya sentensi, na mkewe akiloweka magazeti yake kwenye beseni moja na soksi. Kelele zao zilifika nyumba ya tatu. Binti yao alikuwa hakimu tangu yuko darasa la pili. Aliamshwa, akasimamishwa katikati yao na nguo ya kulalia, akaulizwa nani ana haki. Alipokuwa mtu mzima bado walimpigia simu kazini aamue kesi ya kopo la sukari. Mwisho akachoka. Alikuja siku moja na gari la mizigo, akagawa sahani, viti na mapazia, akampeleka mama na cherehani yake kwa mama mdogo, upande wa pili wa mji. Akasema mbele ya majirani kwamba amewatenganisha kwa mikono yake mwenyewe, na siku watakayorudiana watafute mtoto mwingine. Mtoto mwingine hawakuwa naye.

Tangu hapo, kila Jumamosi saa nne humletea baba sufuria la chakula, na kila jioni humpigia mama simu.

Mwalimu alifungua geti mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa yamelipita bega langu na kumkuta bintiye. Hapo akatangaza, kwa sauti ya mtu anayeongoza gwaride, kwamba leo ni Alhamisi na si Jumamosi, na kwamba Mwenyekiti mwenyewe amekuja na gari la maji taka. Binti akamwambia hana haja ya kupaza sauti, tuko hatua mbili tu. Alikuwa ameinama akitafuta kalamu mkobani. Hakuuona mlango wa jikoni ukijifunga taratibu bila upepo. Mimi niliuona.

Niliona pia shati. Safari ya mwisho nilipokuja, miaka miwili nyuma, shati la Mwalimu lilionekana limetafunwa na ng'ombe. Leo lilikuwa na mstari wa pasi kwenye mikono uliosimama wima. Nikajiambia mzee kajifunza pasi, si vibaya.

Shimo liko uani, baina ya ukuta na kamba ya nguo. Mwalimu alifika pale kabla yetu akasimama juu ya mfuniko kama mtu aliyeuzwa nao. Alisema mfuniko ni mzito, tutaumia mgongo. Tulipomwonyesha nondo za kuunyanyulia, akasema shimo lisiguswe, ni vizuri lipumzike. Halafu akasema harufu itamwingia jirani mwenye kifua kibovu. Mzee yule alifundisha hesabu, hakufundisha kusema uongo, na ilionekana. Bintiye akamshika mkono akamweka pembeni, nasi tukafungua.

Kupima shimo si uchawi. Una ufito mrefu uliozungushiwa taulo jeupe nusu ya chini. Unauzamisha hadi sakafuni, unasubiri, unauzungusha kidogo, unautoa wima. Maji hayashiki sana kwenye taulo, tope hushika. Ulipoishia weusi ndipo tope lilipofika. Ukiona limefika theluthi ya kina, unavuta, huna la kujadili. Shimo la Mwalimu ni dogo, lilichimbwa enzi ambazo watu walikuwa wanakula kidogo. Mtu mmoja hulifikisha kiwango kwa miaka minne. Mimi nililivuta miaka miwili iliyopita, nikaosha hadi sakafu. Kwa hiyo tope lilipaswa kuwa nusu ya kiwango.

Nikautoa ufito. Weusi ulikuwa umefika kwenye alama nyekundu ya theluthi, kasoro upana wa kidole.

Nikapima tena upande wa pili. Ni ileile. Nikaugusa utando wa juu: vidole vinne vya mafuta, mafuta mazuri ya vitunguu vilivyokaangwa na mtu anayejua kukaanga. Mwalimu huchemsha mayai. Ndicho chakula anachokijua, na hata hayo wakati mwingine humpasukia. Nikainama zaidi kuangalia bomba la kuingilia. Palikuwa na furushi la nywele limenasa, nywele ndefu, nyeusi kwenye ncha na nyeupe kwenye shina, za mtu aliyepaka rangi akaacha. Nikautazama upara wa Mwalimu. Naye alikuwa ananitazama, jasho linamtiririka hadi kwenye kola iliyopigwa pasi.

Shemeji naye alikuwa ameinama upande wa pili. Aliziona nywele, akafungua mdomo, na kwa mtu ambaye husema maneno kumi kwa siku ilikuwa siku mbaya ya kuanza. Nilimkata jicho, akaufunga. Nikazisukuma nywele chini kwa ufito.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mimi naongeza na choo. Unaweza kufunga mapazia, ukatoka nyumbani kila Jumamosi kabla ya saa nne, ukawa unapokea simu ya jioni na kusema umetulia kwa mdogo wako. Lakini kila siku utakula, na ukila utakuja kwangu.

Mwenyekiti alichukua ufito mkononi mwangu. Hakuziba pua, namsifu kwa hilo. Alisoma alama, akafungua faili, akasoma karatasi yangu ya miaka miwili nyuma, sahihi yangu ikiwa chini. Mtu mmoja, limevutwa lote, lirudiwe baada ya miaka minne. Akaniuliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Akaniuliza kama nilivuta hadi chini. Nikasema hadi chini. Akasema basi nimweleze, na akakumbuka kwamba simu yake ya kupiga picha ameiacha garini, akaenda kuifuata.

Mwalimu alinifuata mbio na viatu vyake vya ndani.

"Mwanangu, hesabu hiyo usiifanye mbele yake," akanong'ona. "Nakuomba. Akijua, ataondoka asirudi tena."

Miaka yote ya fimbo, na siku niliyolipata jibu sahihi ndiyo siku anayoniomba nilikosee. Nilikasirika, sifichi. Nilitaka kumwambia kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, na mimi simo. Kwamba yeye anaficha mke wake mwenyewe, jambo ambalo hata serikali haijalikataza, na gharama inanijia mimi. Lakini alikuwa amenishika mkono kama mtoto. Mzee ambaye zamani akiingia darasani hata nzi walikuwa wanatua.

Mwenyekiti aliporudi nikajaribu. Nikasema pengine maji ya mvua yanaingia. Akauliza mvua gani inayoleta tope na mafuta. Nikasema pengine Mwalimu alikuwa na wageni. Akamgeukia baba yake, na baba akasema hapana, wageni wa nini, kabla hajaelewa kwamba nilikuwa namtupia kamba. Nikasema mashimo hayafanani, mengine yana tabia zao. Hilo hata mimi niliona aibu kulisema.

Akafunga faili. Hakunikemea, na heri angenikemea. Alisema ananiheshimu kama mwanamke anayejitafutia, na kwa hiyo ananipa njia. Nikikiri kwamba safari ile niliacha tope, atanipa mwaka mmoja wa majaribio na hatamwambia mtu. Nikikataa, atatafuta mwingine kwa nyumba zote arobaini na mbili, na kila mwenye nyumba ataambiwa sababu.

Haya, niambie wewe ungefanya nini. Neno moja tu lilitosha. Mama yako. Ningelisema hilo, nami ningeondoka pale na mkataba na jina langu safi, na wao wabaki na lao. Nimenyamazia siri za watu kwa sababu zilinipa kula. Sasa siri hii ilikuwa inanitoa chakula mdomoni. Na kukiri nisichofanya singeweza. Mume wangu aliondoka na kila kitu kizuri nilichokuwa nacho, akaniachia kazi ambayo watu wanaizibia pua, na katika kazi hiyo nilichojitengenezea ni kimoja tu, kwamba mimi tope siachi.

"Sikuacha tope," nikasema.

"Basi hili ni la nani?"

Nikautazama mfuniko. Mwalimu akaitazama kamba ya nguo. Shemeji akaanza kuusoma ubavu wa tangi, ambao umeandikwa maneno mawili tu. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaanza kuandika kitu kwenye karatasi yangu, na mlango wa jikoni ukafunguliwa.

Mama alitoka na gauni la nyumbani, mikono ina unga, miguuni amevaa viatu vya Mwalimu vilivyomzidi. Alitembea hadi kwenye shimo bila kuharakisha, kama mtu anayekwenda kuanua nguo.

"Mwache mwanamke wa watu," akamwambia bintiye. "Asiitwe mwizi kwa ajili yangu. Hayo mavi ni yangu."

Shemeji alivua kofia.

Mwenyekiti alimtazama mama, akamtazama baba, akatazama viatu. Aliuliza tangu lini, kwa sauti ndogo, na mama akajibu mwaka mmoja na miezi minane. Nami nikapiga hesabu palepale, nikaona inakubaliana na ufito wangu hadi upana wa kile kidole, nikafurahi, Mungu anisamehe, wakati ambao haukuwa wa kufurahi.

Mama alieleza mwenyewe. Alikuja siku moja kuchukua kifuniko cha cherehani kilichosahaulika kwenye kugawana. Akamkuta Mwalimu amesimama kwenye sinki anakula yai baridi, bila chumvi, maganda mengine bado yamo. Akaketi amseme. Aliposimama palikuwa na giza, na hakuwa amemaliza kumsema. Kesho yake alirudi kumalizia. Mwenyekiti akauliza kwa nini hawakumwambia, yeye, mtoto wao, aliyebeba sufuria kila wiki. Mama akaangalia chini. Aliyejibu ni Mwalimu.

"Tulikuogopa."

Hilo lilimwingia, lakini alijikaza. Akarudi kwenye yale anayoyaweza, kuuliza maswali. Alisema haiwezekani. Majirani hawa anawajua, na wazazi wake anawajua zaidi. Wasingekaa pamoja siku tatu bila mtaa mzima kumpigia simu kwamba wameanza tena. Au siku hizi hawagombani?

Mama akacheka. Alisema wanagombana kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni, redio ni ileile na chumvi ni ileile. Ila wanagombana kwa kunong'ona, ili habari zisimfikie yeye. Mwanzoni ilikuwa taabu. Ukitaka kumtukana mtu kwa kunong'ona lazima umsogelee hadi sikioni, na ukishafika sikioni hasira inachoka, wakati mwingine mnaishia kucheka. Mwalimu naye akaingilia, akamsahihisha: si wakati mwingine, ni mara nyingi. Walikuwa wanatabasamu wote wawili. Walidhani wanampa habari njema.

Mwenyekiti alikuwa amesimama katikati yao. Sijui kama waliliona hilo. Mimi nililiona, na nikamwona mtoto wa darasa la pili.

"Kumbe mlikuwa mnaweza kunong'ona," akasema.

Tabasamu la mama lilifutika kwanza, la Mwalimu likafuata. Mama alinyoosha mkono wenye unga, ukaishia hewani. 

Mwenyekiti alifungua faili juu ya goti. Akakata alichokuwa ameanza kuandika. Akaandika watu wawili, miaka miwili, akasaini mkataba mpya kurasa zote tatu, akanipa nakala yangu bila kunitazama. Alisema tuendelee na kazi, atasimama kama alivyosema. Kisha akatugeuzia mgongo, akatazama ukuta, na mabega yakaanza kumcheza. Aliziba mdomo kwa mkono. Niliona anavyojizuia, mtu mzima na kadi shingoni, asisikike.

Pampu yetu ni ya zamani, ikiwaka huwezi kusikia hata kinachosemwa masikioni mwako. Nikamwambia shemeji aiwashe. Akaniuliza kwa ishara tunavuta nini, maana mpira ulikuwa bado haujaingia shimoni. Nikamwambia awashe tu.